Kwa nini "have" humtega Mswahili

"I am having two children." Sentensi hii utaisikia Mombasa kwenye intavyuu za kazi za hoteli, kwenye foleni za benki, na utaisoma kwenye barua za kuomba ufadhili wa masomo. Aliyeisema anataka tu kusema kwamba ana watoto wawili. Mwingereza anayeisikia hupitisha jicho tumboni kabla hajajizuia, kwa kuwa masikioni mwake mama huyu yu karibu kujifungua pacha. Ikisemwa na mwanamume, ndiyo kabisa hajui atazame wapi.

Have ni katika vitenzi vya mwanzo mtoto anavyofundishwa shuleni. "I have a pen", nina kalamu, na darasa zima linaitikia. Hakuna uongo hapo. Ila hiyo ni kazi moja tu ya neno lenye kazi nyingi, na mtoto huyo akifika kidato cha nne, akakutana na lile zoezi la kujaza mapengo kwenye karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, kazi nyingine zote zinamngoja na yeye bado ameshikilia ile moja.

Kwa maoni yangu, makosa yetu mengi kwenye have hayaletwi na uvivu wa kusoma sarufi. Yanaletwa na Kiswahili chetu wenyewe, tena Kiswahili safi. Anayesema "I was stolen my phone" ana sentensi nzuri kabisa kichwani mwake, "niliibiwa simu", na hiyo ndiyo inayomponza. Kwa hiyo kabla ya kukariri kanuni za Kiingereza, tuangalie kwanza lugha yetu inafanya nini pale ambapo Mwingereza anatia have.

Tuanze na kumiliki. "Nina" si kitenzi kama "nauza" au "nashika". Ni nafsi pamoja na "na", ile ile ya "mimi na wewe". Ukisema "nina gari", unasema uko pamoja na gari, na ndiyo maana ukirudi nyuma kwa wakati, kitenzi "kuwa" hujitokeza chenyewe: "nilikuwa na gari". Have, kwa upande wake, kilianza kama kitenzi cha mkono. Kiingereza cha kale kilikiita habban, na wanaisimu wanakirudisha kwenye mzizi mmoja na capere ya Kilatini, yaani kukamata. Ajabu ni kwamba Kilatini kina neno jingine, habere, linalofanana na have kwa sura na kwa maana, nalo halina udugu wowote nacho.

Tofauti hiyo ya kuwa pamoja na kitu na kukishika inaonekana pale mwili unapozungumza. Sisi tuna njaa, tuna kiu, tuna usingizi, tuna hasira, tuna haraka, tuna miaka thelathini. Mwingereza hashiki chochote katika hivyo. Yeye husema "I am hungry", "I am thirsty", "I am sleepy", "I am angry", "I am in a hurry", "I am thirty years old". Wafaransa wako upande wetu, wana njaa na wana miaka kama sisi, lakini hilo halitakusaidia mbele ya mtahini. Kipimo cha haraka ni hiki: kama Kiingereza kina kivumishi cha jambo hilo, tumia be (yaani am, is, are). Kama kina nomino tu, basi ni have. Ndiyo sababu maradhi hubaki na have, kama vile "I have a fever", "I have malaria", "I have a headache". Na kwa kanuni ile ile, "Mombasa ina joto" haiwi "Mombasa has heat". Ni "Mombasa is hot", na kwa mwezi wa tatu unaruhusiwa kuongeza very.

Sasa ile having. Nashuku inatokana na sauti. "Ninakula" ni "I am eating", "ninasoma" ni "I am reading", basi "nina" sikioni inakaa kama mwenzao, na ulimi unateleza hadi "I am having". Lakini kitu unachokimiliki hukifanyi, kipo tu, na Kiingereza hakitii -ing kwenye jambo lililopo tu. Dereva wa tuktuk anayemuuliza mgeni "Are you having change?" alitakiwa kusema "Do you have change?", au kwa Kiingereza cha Uingereza, "Have you got change?" Having huwa sahihi pale have inapoacha kumiliki na kuwa tendo: kula, kunywa, kukutana, kupitia jambo. "We are having lunch" ni sawa, na hata "They are having a meeting" na "I am having problems with my phone". Mama wa mwanzo pale angekuwa sahihi kabisa kama kweli angekuwa na pacha njiani.

Mambo ya has na have tusiyakalie sana. Has ni ya mtu wa tatu akiwa mmoja, mengine yote ni have. "One of the boys has a bicycle", kwa sababu mwenye sentensi ni one, si boys. Panapowachoma wengi ni kwenye swali: "Does she has?", "Did you had?" Do ikishaingia, yeye ndiye anayebeba alama ya nafsi na ya wakati, na have hubaki tupu. "Does she have?", "Did you have?" Sisi hatujazoea mzigo huu kwa kuwa "ana?" ikipandishwa sauti tu, swali limetimia.

Twende sasa kwenye shida yenyewe.

"Nimemwona jana sokoni Kongowea." Hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayekukata alama kwa sentensi hiyo. Ihamishe neno kwa neno, "I have seen him yesterday", na umekosea. Hapa have si kumiliki tena. Imekuwa kitenzi kisaidizi, na sisi tumezoezwa kuamini kwamba kitenzi kisaidizi have ni "-me-" yetu. Sivyo, na tukilikubali hilo, nusu ya makosa itaondoka.

Historia yake inasaidia. Zamani Mwingereza alisema kitu kama "I have the fish caught": samaki ninaye, kavuliwa. Have hapo bado ni ya mkononi, samaki yuko hapa sasa hivi. Taratibu maneno yakabadilishana nafasi yakawa "I have caught the fish", na maana ya kushika ikafifia, lakini haikufa. Hadi leo "I have caught" inamaanisha kwamba matokeo ninayo sasa. Ndiyo maana haikubali kufungwa kwenye jana, wiki iliyopita, mwaka 2019 au saa mbili asubuhi. Ukitaja wakati uliokwisha, mkono umefunguka, na kinachobaki ni wakati uliopita wa kawaida: "I saw him yesterday".

"-me-" ina asili nyingine. Wanaisimu huihusisha na kitenzi cha kale "kumala", yaani kumaliza. Sisi tunatazama kama jambo limekwisha, yeye anatazama kama bado analo. Mara nyingi mawili hayo hukutana, na ndiyo maana tunadhani ni kitu kimoja. "Nimepoteza kitambulisho" ni "I have lost my ID card", bila ugomvi. Yanapoachana ndipo panapohitaji kipimo.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji Kiingereza hata kidogo. Kanusha sentensi yako ya Kiswahili. Ikikubali "-ja-", Kiingereza kwa kawaida kitataka have. Ikidai "-ku-", Kiingereza kitataka wakati uliopita. "Nimekula" ukiikanusha unapata "sijala", basi ni "I have eaten". "Nimemwona jana" huwezi kuigeuza "sijamwona jana", hakuna anayesema hivyo, utasema "sikumwona jana". Basi ni "I saw". "Amefika saa mbili" inakuwa "hakufika saa mbili", basi "He arrived at eight". Eight, ndiyo, saa ni mtego mwingine, tuuache. "Nimepoteza kitambulisho wiki iliyopita" inakuwa "sikupoteza", kwa hiyo ni "I lost my ID card last week". Kwa maneno mengine, "-me-" yetu inafunika vitu viwili ambavyo Mwingereza huvitenga, ila ukanushaji wetu unavitenga kama yeye. Ujuzi tunao, umejificha upande wa "hapana".

Watembeza wageni pale Fort Jesus wanaweza kuupata mfano wote kwenye ukuta mmoja. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593. "The Portuguese have built this fort in 1593" haikubaliki. Ni "The Portuguese built this fort". Mwaka umetajwa na mwaka umepita. Lakini ngome iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na heshima hiyo ingalipo, kwa hiyo "It has been a World Heritage Site since 2011" ni sahihi kabisa. Mwaka umetajwa pia, ila hapa ni wa kuanzia tu, jambo lenyewe linaendelea.

Kuna kundi la pili la "-me-" ambalo kile kipimo cha kukanusha hakilikamati. Simu inalia nyumbani, mtoto anapokea, anaulizwa mama yuko wapi, naye anajibu "Mama has slept". Alitaka kusema "Mama amelala". Mwenye kupiga simu anaelewa kwamba mama alilala, usingizi umeisha, basi aitwe aje azungumze. Jibu lilikuwa "Mama is asleep". Vitenzi kama kulala, kusimama, kukaa, kuvaa, kuchoka, kukasirika na kuoa, vikitiwa "-me-", havisemi tendo, vinasema hali. Amesimama ni "He is standing". Amevaa kanzu ni "He is wearing a kanzu". "He has worn a kanzu" humfanya mtu aulize lini. Amechoka ni "He is tired", ameoa ni "He is married", na mlango umefungwa ni "The door is closed".

Kwa kundi hili jaribu kuweka "bado" mbele. "Bado amelala", "bado amesimama", "bado amevaa kanzu", "bado amekasirika": zote zinapita, basi zote ni be. "Bado amekula" haipiti, basi si hali, ni tendo, na have inarudi. Kufa ni kaidi. "Bado amekufa" haisemeki, lakini Kiingereza kinakubali "He is dead" na "He has died" pia, cha kwanza kwa hali yake na cha pili kwa habari inayoletwa. Msibani utatumia cha pili, kwa kuwa cha kwanza ni kikavu mno.

Mombasa tuna msaada ambao hatuuthamini. Ile "-sha-" ya "nishakula", "ashakwenda", "tushaongea naye" ni have pamoja na already, karibu kila mara: "I have already eaten". Na "-ja-" ya "hajafika" ni have pamoja na not yet. Mtu akiniuliza aanzie wapi kujifunza kitenzi kisaidizi hiki, nitamwambia aanze na "-sha-" na "-ja-", aiache "-me-" iwe ya mwisho. Vitabu vya shule hufanya kinyume, na sioni sababu.

Kosa la upande wa pili ni kuisahau have pale ambapo Kiswahili hakina "-me-" kabisa. "Naishi Kisauni tangu 2015." Kwetu ni wakati uliopo, kwa sababu bado unaishi huko. Kwa Mwingereza, jambo lililoanza zamani na bado unalo ndilo hasa la have, kwa hiyo "I live in Kisauni since 2015" ni kosa, na sahihi ni "I have lived in Kisauni since 2015". "Nakungoja tangu asubuhi" ni "I have been waiting for you since morning". "Simu hii ninayo mwaka wa tatu sasa" ni "I have had this phone for three years", na hapo unaziona have mbili zimeshikana mikono: ya kwanza ni msaidizi, ya pili ndiyo ya kumiliki. Since hufuatwa na mahali pa kuanzia, for hufuatwa na urefu. Wengi huandika "since three years" kwa kuwa "tangu" yetu ni mvumilivu kuliko since.

Lamu nayo itatutenganishia gone na been. "She has gone to Lamu" maana yake ameenda na bado yuko huko, usimtafute. "She has been to Lamu" maana yake amewahi kufika, na sasa huenda amekaa hapa pembeni yako anakunywa kahawa. Mwalimu akiuliza darasani nani amewahi kufika Lamu, mwanafunzi akajibu "I have gone to Lamu", amejiondoa darasani.

Anayejifunza kwa sinema za Marekani atasikia "Did you eat yet?" na "I already ate", bila have. Wamarekani wanaruhusiana hivyo. Shule zetu zinafuata Uingereza, kwa hiyo kwenye mtihani andika "Have you eaten yet?"

Kazi ya have ya kuonyesha ulazima ni fupi lakini ina hatari yake. "I have to go" ni lazima niende, na hapo have haina ugumu. Ugumu uko kwenye kukana. "You don't have to" ni si lazima, ukitaka fanya. "You must not" ni marufuku. Neno letu "hutakiwi" kwa kawaida huelemea kwenye marufuku, na ndiyo maana mtembeza wageni humwambia mtu "You don't have to climb on the cannon" akidhani amemkataza. Mgeni amesikia kwamba kupanda mzinga si lazima, ila akipenda apande. Naye hupanda, huku akitabasamu na kuomba apigwe picha.

Kazi ya mwisho shule nyingi huipitia mbio, ilhali ndiyo inayotutia aibu kwenye barua rasmi. Kwa Kiswahili unasema "nimenyoa", na kila mtu anajua kinyozi ndiye aliyenyoa. Unasema "nimeshona dera" na fundi ndiye aliyekaa kwenye cherehani. Kiingereza hakikubali ujipe kazi ya mtu. "I have sewn a dress" ni wewe uliyeshika sindano. Kama ni fundi, ni "I have had a dress made", na kama ni juzi, "I had a dress made". Mpangilio ni have, kisha kitu, kisha kitendo kilichofanyiwa hicho kitu. Mpangilio huu haukubali kuchezewa: "I had my hair cut" ni kwa kinyozi, "I had cut my hair" ni mwenyewe kwa mkasi wako, tena kabla ya jambo jingine kutokea.

Mpangilio huo huo hutumika kwa mabaya yanayomfika mtu, na hapa ndipo "I was stolen my phone" inapozaliwa. Kiswahili kina kauli ya kutendwa yenye ukarimu mkubwa. "Niliibiwa simu": mimi ndiye mwenye sentensi, simu imekaa nyuma yangu, mwizi hatajwi, na hakuna utata. Kiingereza kinataka kilichoibiwa ndicho kiwe mwenye sentensi. Ukisema "I was stolen", ni wewe uliyebebwa, na afisa wa polisi angepaswa kuuliza ulitorokaje. Vivyo hivyo "She was snatched her handbag" na "He was cut his salary".

Anayetaka kubaki mbele kwenye sentensi, kama tunavyopenda, atumie have: "I had my phone stolen", "She had her handbag snatched", "He had his salary cut". Asiyejali kubaki mbele atasema "My phone was stolen", na haitakuwa na kasoro. Kwenye taarifa ya polisi, hii ya pili inatosha, pamoja na mahali na wakati: "My phone was stolen at the Likoni ferry last night." Na kwa kuwa last night imetajwa, usije ukaandika "has been stolen".